Je, Wajua? Betri ya Gari na Taa za Dagaa

Wavuvi wengi wa dagaa Ziwa Victoria wameacha karabai, sasa wanawasha taa za betri. Lakini betri ya gari haifai kazi hiyo: ina sahani nyembamba za risasi, zilizoundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache tu za kuwasha injini. Ukiimaliza chaji kila usiku, inakufa mapema mno. Tafuta ya sola, yenye sahani nene. Hata hiyo usiishushe chini ya nusu: betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.7 ikitulia, ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ichaji asubuhi hiyohiyo, maana ikikaa bila chaji sahani hushika ukoko wa salfeti. Maji ya betri yakipungua, ongeza yaliyotoneshwa tu; tindikali au maji ya ziwa yataiharibu.