Mgeni na Lugha za Nyumbani: Mwanafunzi wa Kiswahili katika Familia za Meru na Embu

1. Utangulizi

Desturi ya kumweka mwanafunzi wa ng'ambo katika familia ya wenyeji si ngeni. Shirika la Kimarekani liitwalo The Experiment in International Living liliianza kazi hiyo mwaka 1932, na tangu miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha Marekani kimekuwa kikiwaleta wanafunzi Kenya na kuwapangia kukaa na familia za mjini na za mashambani. Msingi wa desturi hii ni imani kwamba nyumba ni darasa la lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa katika Meru na Embu darasa hilo lina lugha zaidi ya moja, na kwamba mwanafunzi asipoelezwa hivyo mapema, Kiswahili alichokuja nacho chaweza kumtenga na watu aliokuja kuishi nao.

2. Hali ya Lugha Nyumbani

Kimeru, pamoja na lahaja zake kama Kiimenti, Kitigania na Kiigembe, na Kiembu, pamoja na jirani yake Kimbeere, ni lugha za Kibantu zilizo jamaa za Kikuyu na Kikamba. Hizi ndizo lugha za jikoni na za shambani. Kiswahili hushika nafasi yake sokoni, shuleni, na popote penye mtu wa kabila lingine.

Tena, ujuzi wa Kiswahili hutofautiana kwa umri. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Mzazi aliyesoma baada ya hapo, pamoja na watoto wake, hukizungumza bila taabu. Nyanya, aliyeacha shule mapema au asiyekwenda kabisa, mara nyingi ana Kiswahili cha sokoni tu, kama anacho.

Matokeo yake ni haya. Mgeni akiingia, adabu huwataka wenyeji wageukie Kiswahili ili asijione ametengwa. Mgeni hufurahi. Lakini nyanya, ambaye ndiye mwenye hadithi na mwenye mji, hunyamaza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hapa ndipo penye uzito wa suala letu: ukarimu ule ule unaomfungulia mgeni mlango humfunga mzee mdomo.

3. Mifano Mitatu

(a) Msamiati. Mwanafunzi akikutana na kijana aitwaye Mwenda, hudhani maana yake ni mtu wa safari. Katika Kimeru na Kiembu, hata hivyo, kitenzi kwenda maana yake ni kupenda au kutaka. Jina ni la mapenzi, wala halihusiani na safari.

(b) Sarufi. Mwenyeji husema, "Karibu unywe kachai." Vitabu vyetu hufundisha udogo kwa ngeli ya ki-, na mwanafunzi hodari huandika kosa. Lakini ka- ndiyo ngeli ya udogo katika lugha za hapa, na katika mwaliko huu haipimi chai: humnyenyekeza anayeitoa. Kikombe chenyewe huja kimejaa.

(c) Salamu. Shikamoo hujulikana, lakini zaidi kama salamu ya shule. Mzee wa Meru husalimiwa mũga, na wa Embu wĩ mwaro, pamoja na kupeana mkono. Salamu hiyo moja, hata ikitamkwa kwa lafudhi mbaya, humpa mzee nafasi ya kujibu kwa lugha yake.

4. Mapendekezo

Niliposomea shahada ya uzamili ng'ambo nilikaa na familia yenye lugha moja tu. Kila neno la mezani lilikuwa ndilo nililokwenda kulitafuta. Mgeni wa Meru hana wepesi huo, bali ana utajiri zaidi. Kwanza, idara zinazopokea wanafunzi hawa ziwafundishe, kabla ya safari, salamu, shukrani na majina ya ukoo ya lugha ya mahali. Pili, mwanafunzi mwenyewe aombe mazungumzo ya jioni yaendelee kwa lugha ya nyumbani, mtoto mmoja akiwa mkalimani. Hapo atapata Kiswahili cha mtoto na hadithi ya nyanya kwa pamoja. Tatu, asiketi sebuleni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika kuchuma chai au kahawa, au kupalilia mahindi kule Mbeere, maneno hujifunza pamoja na vitu vyenyewe, na hakuna anayelazimika kunyamaza kwa ajili ya mwingine.

5. Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na papo hapo inaitaka Serikali ilinde lugha nyingine za wananchi. Yafaa sisi walimu wa Kiswahili tuwafundishe wageni wetu sehemu zote mbili za ibara hiyo kabla hawajabisha hodi.