Puto Ndani ya Mshipa: Jinsi Donge la Damu Linavyovutwa Kutoka Ubongoni

Mchuuzi wa Kariakoo, au abiria angojaye pantoni pale Magogoni, huweza kuonekana ghafla mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, na maneno hayatamkiki. Hicho ni kiharusi. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilayani Hai kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, tofauti za umri zikisawazishwa, kiharusi kiliwapata watu 316 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka jijini, na 109 hivi huko Hai.

Mara nyingi chanzo ni donge la damu lililoziba mshipa upelekao damu ubongoni. Mshipa mkubwa ukizibwa, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo, baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Lakini donge kubwa mara nyingi haliyeyuki. Kwa hiyo, tangu majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015, kulivuta kumekuwa tiba iliyothibitishwa.

Daktari huingiza mrija mwembamba katika ateri ya penye kinena na kuupandisha hadi shingoni. Ndani yake hupitisha wavu mdogo wa waya, ambao hulinasa donge. Hapo huzuka shida: donge huvutwa kurudi nyuma, ilhali damu yasukuma kwenda mbele. Vipande vikikatika, huchukuliwa na mkondo na kuziba mishipa mingine.

Ndipo puto lilipobuniwa kutumika. Ncha ya mrija huzungushiwa puto dogo, ambalo likijazwa huziba ateri na kuusimamisha mkondo. Bomba la sindano huvuta damu kwa nyuma, nayo hugeuka na kuingia mrijani pamoja na donge na vipande vyake. Kisha puto hutolewa maji na damu hupita tena. Mwanafunzi aweza kulinganisha na mpira wa bustani: bomba likiwa wazi, takataka husukumwa mbele, likifungwa na maji yakavutwa nyuma, takataka hurudi. Wazo la puto si geni. Thomas Fogarty wa Marekani alilitumia kutoa madonge katika mishipa ya miguu mapema miaka ya 1960.

Hoja hiyo yaonekana haina kasoro, na uchunguzi wa awali uliiunga mkono. Hata hivyo, jaribio lililofanywa katika hospitali 28 za China, na kuchapishwa mwaka 2024, lilisimamishwa mapema: wagonjwa waliotibiwa kwa mrija wenye puto walipata nafuu ndogo kuliko wale waliotibiwa kwa mrija wa kawaida. Jaribio moja halimalizi mjadala, lakini lafundisha kwamba sayansi haikubali wazo kwa uzuri wake, bali kwa matokeo yake kwa mgonjwa.

Hata chombo bora hakifai kitu mgonjwa akichelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wakazi wengi wa Dar es Salaam walikihusisha kiharusi na mashetani au uchawi, na imani ya namna hiyo huweza kumpeleka mgonjwa kwingine kwanza. Basi aonaye dalili zile tatu na aitazame saa, aukumbuke wakati zilipoanza, na ampeleke mgonjwa hospitali papo hapo.