Je, wajua fuwele zinazonyanyua mizigo kwa mwanga?

Pita kwenye mashamba ya Sanya Juu, wilayani Siha, asubuhi maharage yakiwa yameshatoa majani mapana, kisha rudi saa saba mchana. Majani yaleyale utayakuta yamegeuka. Asubuhi yalilielekea jua. Mchana, hasa udongo ukikauka, huligeuzia ukingo ili yasiungue. Usiku huinama. Kazi hiyo hufanywa na kivimbe kidogo pale jani linapoungana na kikonyo chake: seli za upande mmoja hunywa maji zikatuna, za upande wa pili huyatoa zikanywea. Mwanga huamuru, maji husukuma.

Sasa ondoa maji. Je, kitu kikavu, kisicho na uhai, chaweza kusogezwa na mwanga peke yake?

Chaweza. Mwaka 2007 Seiya Kobatake, Masahiro Irie na wenzao huko Japani walitangaza habari za fuwele za diarilethini, zenye ukubwa kati ya sehemu moja ya 100 na sehemu moja ya 10 ya milimita. Zilipomulikwa kwa miale ya urujuanimno zilibadilika rangi na umbo papo hapo; zilipomulikwa kwa mwanga wa kawaida zikarudi zilivyokuwa. Fuwele moja nyembamba kama kijiti ilijikunja na kurusha chembe ya dhahabu nzito kuliko yenyewe mara 90. Hata kwenye baridi ya nyuzi 268 chini ya sifuri, ambako hakuna jani linaloweza kusogea, fuwele za diarilethini zimeonekana kuitikia.

Siri imo ndani ya molekuli. Urujuanimno ukiipiga, atomi zake mbili za kaboni hushikana na kufunga pete, na molekuli nzima hubadilika umbo kidogo. Mwanga unaoonekana huifungua pete hiyo. Ndani ya kimiminika badiliko hilo halisukumi chochote, maana kila molekuli imeelekea kwake. Katika fuwele zimepangwa safu kwa safu, kama askari kwenye gwaride, hivyo badiliko dogo la kila moja hujumlishwa na lile la jirani yake. Kwangu mimi, mpangilio huo ndio unaostaajabisha kuliko mwanga wenyewe.

Tatizo ni kwamba fuwele huvunjika upesi. Mwaka 2023 kundi la Ryan Hayward, katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, lilizikuza fuwele ndogondogo ndani ya vitundu vya karatasi ya plastiki, ya aina ileile inayotengenezewa chupa za maji. Plastiki ilizishika zisisambaratike, na zilipomulikwa zilinyanyua kipira cha nailoni kizito kuliko zenyewe si chini ya mara elfu.

Mashine ya namna hiyo haihitaji waya wala betri kwenye kiungo kinachosogea, jambo lenye thamani kubwa kwa roboti ndogo. Lakini haitoshi kuiweka juani Sanya Juu ikafanya kazi siku nzima. Jua huleta miale yote kwa pamoja: mmoja hufunga pete, mwingine huifungua, na fuwele hukwama katikati. Ndiyo maana maabara hutumia taa mbili kwa zamu. Tena urujuanimno hauzami mbali ndani ya fuwele nene, kwa hiyo tabaka la juu hujikunja huku la chini limetulia, na hapo ndipo nyufa huanzia.