Mbona Timboroa Haipati Theluji?

Ukitaka kuzua ubishi bwenini taa zikishazimwa, sema tu kwamba Timboroa huanguka theluji. Atatokea mmoja aliyepitia huko alfajiri akienda Nairobi kwa njia ya Eldoret, ale yamini kwamba aliona nyasi nyeupe kando ya barabara. Mwingine atasema ati huo ulikuwa umande tu. Wa tatu atauliza: ikiwa Mlima Kenya uko papo hapo kwenye ikweta na una theluji, Timboroa inakosaje? Swali la huyu wa tatu ndilo zuri.

Tuanze na hesabu kidogo. Mji wetu wa Kakamega uko yapata mita 1,535 juu ya usawa wa bahari, na joto letu la wastani ni kama nyuzi 20 za Sentigredi. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Timboroa nayo iko juu ya mita 2,700. Karibu na hapo ndipo reli ya kwenda Uganda inapofikia kilele chake, futi 9,136, yaani mita 2,785 hivi. Basi wao wametuzidi kwa kama mita 1,200, ambazo ni nyuzi 8. Toa 8 kwenye 20, unabaki na 12. Hiyo ni baridi ya kuvaa sweta mbili na koti juu, lakini sifuri bado iko mbali. Endelea kupanda kwa kalamu yako na utaona kwamba sifuri inapatikana karibu mita 4,600. Hakuna mji wa Kenya ulio huko. Mlima Kenya una mita 5,199, ndiyo sababu weupe uko kileleni wala hauko Nanyuki.

Hapo mtu atadhani kimo ndicho kila kitu. La hasha! Kuna mji mdogo huko Morocco uitwao Ifrane, katika milima ya Atlas ya Kati. Wafaransa walianza kuujenga mwaka 1929 ili wakimbilie huko joto la kiangazi, na mapaa ya nyumba zake yamechongoka ili theluji iteleze isije ikayaporomosha. Ifrane iko mita 1,665. Yaani inatuzidi sisi wa Kakamega kwa mita 130 tu, na Timboroa ingeitazama kutoka juu kama mtu aliye ghorofani. Hata hivyo theluji huanguka Ifrane kila majira ya baridi, na tarehe 11 Februari 1935 joto lilishuka huko hadi nyuzi 23.9 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa barani Afrika.

Ukichukua joto la Ifrane la mwaka mzima ukatafuta wastani, utapata kiasi kisichotofautiana sana na zile nyuzi 12 za Timboroa. Wastani ni mmoja, lakini mmoja anapata theluji na mwenzake hapati. Siri iko katika jinsi baridi ilivyogawanywa.

Dunia imeinama nyuzi 23.5 katika mzunguko wake. Ifrane iko nyuzi 33 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Desemba jua lake la adhuhuri halipandi hata nusu ya anga, na mchana ni wa kama saa 10 tu. Baridi yote inarundikwa pamoja, miezi mitatu minne mfululizo. Kisha Julai inakuja, na Ifrane inakuwa na joto kama letu la hapa Kakamega. Sisi wa ikweta mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, jua liko juu mwaka mzima. Timboroa hupokea baridi yake kwa vipande vidogo, kila usiku, na kila adhuhuri mtu anavua sweta. Ni kama mtu anayelipwa kila jioni: pesa hazikusanyiki. Ukisonga kusini hadi uwanda wa juu wa Kitulo huko Tanzania, nyuzi 9 kutoka ikweta, utakuta tayari kuna kipupwe cha kweli, na Juni hadi Agosti usiku hufikia kuganda.

Ndiyo maana hata mtu wa nyanda zetu za juu anaweza kuwa mgeni wa theluji kabisa. Philip Boit, mwanariadha wa mbio za mita 800 kutoka eneo la Eldoret, hakuwa ameiona mpaka alipopelekwa Finland mwaka 1996 kufundishwa kuteleza kwa ski. Mwaka 1998 alishiriki Olimpiki ya Nagano, Japani, akamaliza wa 92, na mshindi Bjørn Dæhlie akamngoja mstarini amkumbatie.

Sasa turudi kwa yule shahidi wa nyasi nyeupe. Hakusema uwongo. Alichoona ni jalidi, ambayo wengine huiita sakitu: umande ulioganda. Theluji ni kitu kingine. Hiyo huzaliwa mawinguni ikiwa chembe nyepesi, na ili itufikie lazima hewa yote njiani iwe baridi. Kwa kweli alasiri nyingi za mvua theluji hutengenezwa juu ya vichwa vyetu hapa Kakamega, ndani ya mawingu yale marefu yatokayo upande wa Nandi, ila huyeyuka kabla ya kufika. Mvua ya mawe ndiyo hufaulu kupenya, kwa sababu mawe yake ni mazito na huanguka mbio. Septemba 2008 kijiji cha Busara karibu na Nyahururu kilifunikwa na weupe mtupu, na watu wakamiminika kushika na kuonja "theluji". Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikana.

Tofauti ya maneno hayo si ya kamusi tu. Mawe hupasua majani ya chai mchana, tena kwa kelele. Jalidi huja kimya, usiku usio na mawingu, hasa Januari hivi, wakati ardhi inapopoteza joto lake moja kwa moja angani. Januari 2012 iliunguza chai Kericho na Nandi. Hewa baridi ni nzito nayo hutiririka kama maji hadi bondeni ikatuama. Kwa hiyo huko Molo mkulima mwenye viazi kwenye mteremko na vingine chini bondeni anaweza kuamka akute vya bondeni vimekuwa vyeusi na vya mteremkoni vimesimama, ilhali shamba ni moja na usiku ni ule ule.