Je, Wajua? Pumzi za zamu kwenye ala za shaba

Je, wajua kwamba wapiga horni wawili wanaoshika noti moja wanaweza kuidumisha hata pale pumzi ya kila mmoja inapokwisha? Hupumua kwa zamu. Katika mazoezi hukubaliana nani avute pumzi wapi, na kila mmoja hutia alama ya mkato kwa penseli kwenye karatasi yake ya noti. Zamu ikifika, mpigaji hufifisha sauti, huvuta hewa haraka kwa mdomo, kisha hurudi taratibu bila kugonga ulimi, ili pengo lisisikike. Mwiko ni kupumua sawia na jirani.

Mwanzoni mwa kifungu cha muziki ni kinyume chake kabisa. Hapo safu nzima huvuta pumzi pamoja, kwa mwendo uleule wa muziki unaokuja, ikimfuata mpigaji mkuu wa safu. Ukikaa karibu na jukwaa utaviona vifua vikijaa kwa pamoja kabla ya mlio wowote kutoka. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya kutazama.

Mtunzi Mjerumani Richard Strauss alijaribu njia nyingine ya kudumisha noti ndefu. Kwa Simfonia yake ya Alps, iliyopigwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1915, alipendekeza aerofoni, pampu ya mguu iliyopeleka hewa kwa mpira hadi mdomoni mwa mpigaji. Kifaa hicho kiliachwa zamani. Wapigaji wa leo wanazishika noti zile ndefu kwa mapafu na maelewano tu.