Kaburi la Mkomani

Mtu atokaye Mkongani akitaka kulizuru kaburi la Bibi Rosine Krapf hushuka kwa njia ya Kwale na Kombani hata Likoni, akavuka kwa feri, akapita mjini Mombasa, kisha akavuka Daraja la Nyali. Kaburi liko Mkomani, upande wa bara, ng'ambo ya Mji wa Kale. Karibu yake umesimama mnara wa ukumbusho wa mumewe, Dakta Ludwig Krapf. Watu wengi hupita jirani wasijue habari zake. Kwa hiyo yafaa zielezwe.

Dakta Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na misioni ya Kiingereza iitwayo C.M.S. Kwanza alifanya kazi Uhabeshi. Huko mkewe alijifungua binti nyikani, wakiwa safarini, na mtoto akafa. Wakamwita Eneba, maana yake chozi. Mwaka 1844 walifika Unguja, ambako Sayyid Said alimpa Krapf barua ya kumjulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei wakaja kukaa Mombasa.

Mwezi wa Julai Bibi Rosine alijifungua binti wa pili. Homa ikaingia nyumbani, ikamshika mume na mke pamoja. Bibi akafariki, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Hawakuzikwa kisiwani. Bibi mwenyewe alikuwa ameomba azikwe bara, katika nchi ya Wamijikenda, ili wapitao njia walione kaburi na kukumbuka neno lililomleta mgeni huyu kwao.

Siku zile watu walidhani kwamba homa za pwani hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo Dakta Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Kwa elimu hiyo mama mja mzito wa leo hupewa kliniki chandarua na dawa ya kinga, vitu ambavyo hapana mtu aliyeweza kumpa Bibi Rosine.

Baada ya msiba huo Krapf angaliweza kurudi kwao, lakini hakurudi. Aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi lile ni dalili ya kazi iliyoanza. Tangu Juni alikuwa ameshika kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhidini, Kadhi wa Mombasa. Mwislamu na Mkristo wakikaa pamoja kuyapima maneno. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Rabai. Sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1850. Kamusi yake kubwa, iliyojaa maneno aliyoyasikia vinywani mwa watu wa Mombasa, ilitoka London mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Mwaka 1875, si mbali na kaburi hilo, misioni ile ile ilianzisha Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa.

Mwenye kuzuru Mkomani na aende kwa adabu, kama aendavyo penye maziko ya wazee wake. Asiandike jina juu ya mawe, wala asiache takataka. Na akiwa na watoto, awaeleze ni nani alalaye pale, maana ndilo ombi la marehemu.