Chunusi Kali na Dawa ya Daktari

Leo twataka kusema nanyi, wazazi pamoja na vijana, juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, lakini anayeteswa nalo haoni la kucheka. Jambo lenyewe ni chunusi. Hatusemi juu ya vipele viwili vitatu vinavyokuja na kwenda, bali zile kali zinazoleta uvimbe wenye usaha usoni, kifuani na mgongoni, na hata zikipona huacha makovu.

Twajua yanayotokea. Kijana aliyekuwa akiimba kwaya mstari wa mbele huanza kuketi nyuma. Binti hainui uso anaposalimiwa. Nasi watu wazima humwambia, "Nawa vizuri," au, "Ukioa zitaisha." Maneno hayo si kweli. Katika ngozi mna tezi ndogo zitoazo mafuta. Wakati wa kubalehe tezi hizo hutoa mafuta mengi, vitundu vyake huziba, vijidudu huongezeka humo ndani, na ngozi huvimba. Kusugua uso kwa nguvu huuumiza tu. Nazo krimu za kujichubua, ambazo nyingine zina zebaki au steroidi, zaweza kuiharibu ngozi kabisa.

Dawa za kupaka na vidonge vya kuua vijidudu vikishindwa, daktari wa ngozi aweza kuandika dawa iitwayo isotretinoini. Dawa hii iliidhinishwa huko Marekani mwaka 1982. Ina asili moja na vitamini A, na kazi yake ni kuzifanya zile tezi zinywee. Daktari hupima kiasi kwa uzito wa mwili, na mara nyingi humezwa kwa miezi 4 hadi 6, pengine zaidi. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, maana tumbo likiwa tupu mwili hauipokei vizuri.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: katika majuma ya kwanza chunusi zaweza kuzidi kabla ya kupungua. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuitupa dawa. Usiitupe. Rudi kwa daktari umwonyeshe. Pengine atapunguza kiasi.

La pili ni ukavu. Midomo hukauka na kupasuka karibu kwa kila mtu, basi tembea na mafuta ya mgando mfukoni na uipake mara kwa mara. Macho yaweza kuwasha, pua kutoka damu, na viungo kuuma baada ya kazi nzito. Jua huiunguza ngozi upesi, kwa hiyo vaa kofia. Usiongeze vidonge vya vitamini A, wala usimeze tetrasaiklini au doksisaiklini pamoja nayo, kwa sababu shinikizo laweza kupanda ndani ya kichwa. Daktari atapima damu pia, aone hali ya ini na mafuta yaliyomo.

Ziko dalili zisizongoja. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, tumbo likiuma sana, au macho yakigeuka manjano, acha dawa na uende hospitali. Kijana akiwa na huzuni isiyoondoka, au akisema afadhali kufa, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Mzazi asimwambie kwamba imani yake ni haba. Amsikilize, na asimwache peke yake.

Sasa twasema bila kuficha lililo zito kuliko yote. Dawa hii humwumiza vibaya mtoto aliye tumboni: ubongo, moyo, masikio na uso wake. Mwanamke mwenye mimba asiiguse kamwe. Anayeweza kushika mimba yampasa kujikinga tangu mwezi mmoja kabla ya kuanza, muda wote wa kumeza, na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Daktari akitaka binti apimwe mimba, binti asidhani ametukanwa, wala mzazi asikasirike kwamba nyumba yake imeshukiwa. Kila mwanamke huulizwa hivyo, awe ameolewa au hajaolewa. Aibu ya dakika tano ni nyepesi kuliko mtoto kuzaliwa na kilema kwa sababu watu waliogopa kuulizana.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimgawie dada yako wala jirani hata kidonge kimoja, na usitoe damu hospitalini mpaka mwezi mmoja upite tangu ulipomaliza.

Basi, mzazi, kama mtoto wako ameacha kutazamana na watu, usingoje makovu. Mpeleke kwa daktari wa ngozi mapema, ukae naye katika miezi hiyo, na umkumbushe chakula, kofia na siku ya kupimwa damu. Nasi kanisani tumwite kwa jina lake, wala si kwa chunusi zake.